Moto Guzzi za miaka ya 1970: kwa nini zingali zinatembea, na kitu gani kinaziua

Motari wa Goma, Bukavu ao Bunia anajua hesabu ya moto ya kazi. Inafika mupya, inafanya miaka michache kwenye mawe na matope, kisha inauzishwa pyesi kwa pyesi. Huko Italia kuko moto zenye zilitoka kiwandani karibu miaka 50 iliyopita na mpaka leo zinapanda milima, wenyewe wakizitengeneza nyumbani kwa mikono yao. Moja kati ya zile zenye kujulikana zaidi ni Moto Guzzi za moteri kubwa, zile za silinda mbili zenye zinatokea inje kushoto na kuume.

Hazikuishi hivyo kwa bahati. Zinaishi juu fundi anaweza kuzifungua na kle za kawaida, na juu magonjwa yake yanajulikana yote. Lakini kati ya magonjwa hayo kuko moja lenye halipigi kelele. Mutu ananunua moto yenye kungaa, inalia vizuri, na ndani moteri inaanza kujikula yenyewe.

Muji wa ziwani

Kampuni ya Moto Guzzi ilianzishwa tarehe 15 Machi 1921. Wazo lilizaliwa katika jeshi wakati wa Vita ya kwanza ya dunia, kati ya vijana watatu: Carlo Guzzi, mwenye alikuwa fundi, Giorgio Parodi, rubani wa jamaa ya matajiri wa meli huko Genoa, na Giovanni Ravelli, rubani na mushindani wa mbio za moto. Ravelli alikufa mwaka wa 1919 katika ajali ya ndege, kampuni haijazaliwa. Ule tai wa mabawa wazi mwenye kuonekana kwenye tanki ya esansi aliwekwa kwa kumukumbuka.

Kiwanda kiko Mandello del Lario, muji mudogo kaskazini mwa Italia, kwenye ukingo wa mashariki wa ziwa Como. Ziwa upande moja, mulima Grigna upande mwingine, na barabara inapita katikati fasi kidogo ilibaki. Mutu wa Kivu hawezi kujisikia mugeni sana. Kampuni ilibadilisha wenyewe mara nyingi (Alejandro de Tomaso mwaka wa 1973, Aprilia mwaka wa 2000, na Piaggio, wale wa Vespa, tangu 2004), lakini moto zingali zinatengenezewa Mandello.

Moteri yenyewe ni kazi ya injinia Giulio Cesare Carcano. Silinda mbili zinaachana kwa pembe ya digrii 90, kila moja inatosha kichwa kwenye upepo ili ipoe, na nguvu inafika kwenye gurudumu la nyuma kupitia kardani, hapana kwa shene. Moto ya kwanza ya namna hiyo, V7 ya sentimita kibe 703, ilianza kuuzishwa mwaka wa 1967. Polisi ya Italia iliinunua, na polisi ya California huko Marekani pia. Mwaka wa 1971 injinia Lino Tonti akaipa shasi mupya, ya chini na yenye kunyooka, na ni shasi hiyo ndiyo wapenzi wa Guzzi wanatafuta mpaka leo. Mwaka wa 1975 ikatoka 850 T3, ya sentimita kibe 844, na mwaka wenye ulifuata 850 Le Mans, ndugu yake wa mbio. Karibu yote yenye inasemwa hapa chini inahusu jamaa hiyo.

Kazi yenye mwenye moto anaweza kufanya mwenyewe

Supapi ndizo zinaonyesha vizuri namna moto hii ilifikiriwa. Kwenye moto nyingi za siku hizi, kupima nafasi ya supapi ni kutosha tanki, kutosha mifuniko ya plastiki, wakati mwingine kutosha hata radiateri. Kwenye Guzzi, vichwa vya silinda viko inje kabisa. Mutu anakaa kwenye kiti kidogo pembeni ya moto, anafungua kifuniko, anazungusha moteri mpaka pistoni ifike juu, anapitisha karatasi ya chuma ya kupimia. Kwa T3 kiwanda kiliandika milimita 0.22, kwa supapi ya kuingiza na ya kutosha sawasawa, moteri ikiwa baridi. Kama haiko sawa, analegeza nati, anageuza visi, anafunga tena. Mwenye kuzoea hamalizi saa moja kwa pande zote mbili.

Mafuta ndiyo yanachanganya wageni, juu moto hii ina mafuta katika fasi tatu zenye hazichangani. Moteri inabeba karibu litre 3. Bwati ya vitesi iko na yake, robo tatu za litre, mafuta mazito. Sanduku la kardani kwenye gurudumu la nyuma linachukua robo moja tu. Kuko watu wenye wanabadilisha mafuta ya moteri kila mwaka na hawajafungua kamwe ile robo ya nyuma. Siku kardani inalia, fundi anatosha kitu cheusi kama goudron.

Umeme hauhitaji maneno mengi. Sehemu kubwa ni Bosch, alternatere na demarere, vitu vya nguvu. Taabu inatoka kwenye waya za masi zenye kutu na kwenye kontakti za zamani, na mutu mwenye kupangusa na kukaza anamaliza nusu ya matatizo bila kununua kitu. Karbiratere za Dell'Orto, kila silinda na yake, zinapenda mambo mawili: esansi yenye haijalala ndani miezi mingi, na kamba mbili za gazi zenye kuvuta pamoja. Kama moja inafungua mbele ya ingine, moteri inatetemeka kama mutu mwenye homa.

Kroma yenye kubambuka

Sasa ule ugonjwa wa kimya. Silinda za Guzzi kubwa za miaka ile zilitengenezwa kwa aliminiamu, kwa sababu ni nyepesi na inapoa upesi. Aliminiamu peke yake ni laini, pistoni ingeila. Kwa hiyo kiwanda kilipaka ukuta wa ndani kroma ngumu. Moto ikiwa mupya na ikitembea kila siku, kroma hiyo ilikuwa kitu kizuri, karibu haishi.

Taabu inakuja na miaka, na inakuja zaidi kwa moto yenye kulala. Unyevu unaingia chini ya ukingo wa kroma, aliminiamu ya chini inaota kutu nyeupe, na kroma inaanza kuinuka sawa rangi ya ukuta wenye maji. Kipande kidogo kinabambuka. Pistoni inapita hapo, inakinyanyua, inakitupa ndani ya mafuta. Kroma ni ngumu kuliko vyuma vyote vyenye inakutana navyo kwenye njia. Inapita katika pompe ya mafuta, inafika kwenye makuzineti ya vilebrekeni, na hapo inakwangua. Sumaku yenye wengine wanaweka kwenye visi ya kutosha mafuta haisaidii, juu kroma haivutwi na sumaku.

Hapa kuko kosa la pili lenye kiwanda kilifanya, na ni vizuri kulisema. V7, V7 Sport na 850 T hazikuwa na filtri ya kweli, zilikuwa tu na chujio ya waya, na chembe ndogo za kroma zinaipita. T3 ndiyo ilipata filtri ya kubadilisha, lakini wakaiweka ndani ya karter. Ili kuifikia, mutu anapashwa kutosha mafuta yote, kisha visi zaidi ya kumi, kisha sahani yote ya chini, na kuweka juan mupya. Matokeo yanaeleweka: wenye moto wengi wanabadilisha mafuta na kuiacha filtri ile ile, mwaka baada ya mwaka. Viwanda vidogo vikaona soko na kuanza kuuzisha sahani yenye inaruhusu filtri kufungwa kwa inje.

Karibu na mwaka wa 1980 Guzzi iliacha kroma na kuchukua mpako mwingine wa nikeli wenye iliita Nigusil, na huo haubambuki namna hiyo. Moto za mbele ya hapo zingali nyingi sokoni, na muuzishaji ao hajui, ao anajua na ananyamaza. Kilometa kidogo kwenye kihesabu haziko dawa. Moto yenye ilifanya kilometa 15,000 tu na kulala miaka 30 katika gereji yenye unyevu iko na hatari kuliko ile yenye ilitembea bila kupumuzika.

Mununuzi mwenye akili anaomba mambo mawili. La kwanza, kutosha buji na kuingiza kamera ndogo katika tundu: kroma nzima inangaa kama kioo, kroma mbaya inaonyesha madoa ya kijivu yenye mipaka mikali. La pili, kumwanga mafuta kidogo kwenye kitambaa cheupe na kuyaangalia kwenye jua. Vipande vyembamba vyenye kumetameta ni jibu lenye kutosha. Kama muuzishaji anakataa vyote viwili, hilo pia ni jibu.

Silinda yenye kroma ikishaharibika haiwezi kupigwa alezaji kama silinda za chuma cha kawaida. Inapashwa kupakwa upya na kiwanda chenye kujua, ao kuwekewa mukebe wa chuma ndani, ao kubadilishwa kabisa. Kiwanda cha Gilardoni, chenye kiko palepale Mandello, kinatengeneza silinda za mpako wa nikeli pamoja na pistoni zake kwa ajili ya moteri hizo za zamani. Bei ni kali, lakini iko chini sana kuliko kutengeneza moteri yote baada ya kroma kuipitia.

Nyuma ya moteri

Ambreyaji ya Guzzi ni kavu, ya diski mbili, kama ya gari. Inadumu, mpaka siku juan ya nyuma ya moteri ao ya mbele ya bwati ya vitesi inaanza kuvuja na kuilowesha. Mafundi wazee wanatambua uvujaji kwa pua: mafuta ya bwati ya vitesi yananuka nguvu, ya moteri hapana. Kuifikia ni kazi ya siku nzima, lakini shasi ya Tonti ina siri yake. Vyuma vya chini vinafunguka, moteri inabaki juu ya mbao pa chini, na watu wawili wananyanyua moto na kuitosha juu ya moteri. Mutu mwenye hajaona kazi hiyo anawaza wanaivunja.

Kardani inaomba kidogo zaidi ya robo yake ya mafuta. Kati ya bwati ya vitesi na mukono wa nyuma kuko kifuko cha mupira. Kikipasuka, maji na muchanga vinaingia kwenye kiungo, na siku kinakatika haiko siku ya kuwa kwenye mutelemuko. Kila mara mutu anabadilisha pine ya nyuma, anapaswa kupaka grisi kwenye meno yenye yanashika gurudumu. Ni dakika tano, na grisi yenye bei ya soda.

Namna inaendeshwa

Mutu mwenye amezoea moto nyepesi za kazi anapata mambo matatu ya kushangaza. Anavuta gazi moto ikiwa imesimama, na moto yote inainama kidogo upande wa kuume, juu vilebrekeni inazunguka kwa kufuata urefu wa moto. Vitesi haitaki haraka, inataka mguu wenye kuamua. Na freni za T3 zimefungwa pamoja: pedali ya mguu inashika diski ya nyuma na diski moja ya mbele, mukono unashika ile ingine ya mbele. Diski zenyewe ni chuma cha kusubu, zinaota kutu usiku moja tu wa mvua, na freni ya kwanza ya asubuhi inaipangusa.

Jambo lenye kuleta ajali ni kardani. Mutu akifungua gazi, nyuma ya moto inanyanyuka. Akifunga gazi ghafla, inashuka. Mwenye ameingia kona na mwendo mukali, akaogopa na kufunga gazi, anapoteza urefu wa chini wakati ule ule alikuwa anauhitaji, na vyuma vinaweza kugusa lami. Kwa hiyo anapunguza mwendo mbele ya kona, kisha anapita na gazi kidogo yenye haibadiliki. Kwenye barabara za milima juu ya ziwa Como watu hao wanatambulikana mbali: wanaingia pole, wanatoka na nguvu.

Na modeli fulani ziko na bekiye ya pembeni yenye inajikunja yenyewe mara moto inanyanyuliwa kidogo. Zaidi ya kilo 200 zinaanguka hivyo, mbele ya watu, moteri ikiwa imezimwa. Wenye kuzijua wanatumia bekiye ya katikati.