Marijani Rajab: Jabali la Muziki Linalostahili Kiti Barazani mwa Washairi

Ghana ina E. T. Mensah, aliyeitwa Mfalme wa Highlife. Sisi wa Dar es Salaam tunaye Marijani Rajab, aliyepewa lakabu ya Jabali la Muziki. Mensah hukumbukwa kwa tarumbeta. Marijani, kwa maoni yangu, anastahili kukumbukwa kwanza kwa lugha.

Alizaliwa mwaka 1955 Kariakoo, ng'ambo ya Bonde la Msimbazi ukitokea hapa Magomeni ninapoishi. Alipitia STC Jazz, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akajiunga na Safari Trippers, ambako jina lake lilivuma nchi nzima. Baadaye akawa na Dar International, bendi iliyotupa wimbo Zuwena. Redio ndiyo iliyoifikisha sauti yake hadi vijijini ambako bendi hazikufika.

Nilipokuwa nikifundisha Kiswahili sekondari, nilipenda kuandika ubaoni jina la wimbo wake mmoja: Rosa Nenda Shule. Ni maneno matatu tu, nayo yanatosha kipindi kizima. Kuna sarufi: kitenzi "enda", kikiwa katika hali ya amri, hupata "n" mwanzoni, ni mwenzake "njoo" na "lete", vitenzi vilivyokataa kufuata kanuni. Kuna pia historia: katika muongo huohuo, Azimio la Musoma la 1974 lilidhamiria kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Viongozi walilinena jambo hilo kwa lugha ya mipango. Marijani alimwita binti mmoja kwa jina lake.

Mbinu hiyo si ngeni kwetu. Mwana Kupona, katika utenzi wake wa karne ya 19, alimuusia bintiye, na vizazi vyote vikasikiliza. Rosa, Georgina, Zuwena: Marijani naye alizungumza na mtu mmoja ili umma usikie. Nani basi aliyeamua kwamba gitaa likiingia, ushairi hutoka?

Alifariki Machi 1995, akiwa na umri wa miaka 40. Katika miaka yake ya mwisho, mtu ambaye nyimbo zake zilikuwa midomoni mwa watu wote alijipatia riziki kwa kuuza kanda. Sheria mpya ya hakimiliki ilitungwa mwaka 1999, naye yuko kaburini.

Fedha hizo hatuwezi kumrudishia. Maneno yake tunaweza kuyahifadhi. Nawaomba, washairi wenzangu, kila mmoja achague wimbo mmoja, ausikilize kwa makini, aunukuu kwa tahajia sahihi, kisha aulize wazee kila neno lenye utata wangali hai. Halafu tuuweke barazani tuupime kwa vina, mizani na maana, kama tunavyopima tungo za malenga wengine. Jabali haliombi huruma, linadai kusomwa.