Pima uzani wa mzigo kabla ya kuchagua pikapu

WAKULIMA na wafanyabiashara wengi wanaokusudia kununua pikapu huanza kwa kulinganisha bei na ukubwa wa injini, ilhali swali la kwanza lapasa kuwa uzani wa mzigo ambao gari hilo litabeba kila siku.

Kosa hilo huwa ghali. Pikapu nyingi hununuliwa kwa mkopo au kwa akiba ya miaka mingi, na gari lisiloiweza kazi yake haliwezi kulipa deni lake.

Nchini Kenya, zinazolinganishwa mara nyingi ni Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger, Nissan Navara na Mitsubishi L200. Zote huhesabiwa katika kundi la pikapu za tani moja. Toyota Land Cruiser 79, ambayo hupatikana sana katika maeneo kame, ni nzito na ghali zaidi.

Hata hivyo, maneno "tani moja" huwapotosha wengi. Mzigo unaoruhusiwa hupatikana kwa kutoa uzani wa gari likiwa tupu kutoka kwa uzani wa juu zaidi ulioidhinishwa na kiwanda. Iwapo kiwanda kimeidhinisha kilo 2,900 na gari tupu lina kilo 1,850, kinachosalia ni kilo 1,050. Dereva na abiria wamo katika hesabu hiyo.

Chukua mfano wa mchuuzi wa viazi anayepakia magunia 20 ya kilo 50 kila moja. Hiyo ni tani moja kamili. Akiongeza dereva na wapakizi wawili wa kilo 70 kila mmoja, jumla ni kilo 1,210. Tayari amepita kikomo kwa kilo 160, hata kabla ya kuweka vyuma vya kuzuia mzigo na turubai.

Gari likizidishiwa mzigo kila siku, breki huchelewa kulisimamisha, tairi hupasuka na springi za nyuma huvunjika. Ajali ikitokea, huenda kampuni ya bima ikakataa kulipa.

Jambo la pili ni umbo la gari. Pikapu ya kebini moja huwa na sanduku la mizigo lenye urefu wa zaidi ya mita mbili, ilhali ile ya kebini mbili huwa na sanduku la takriban mita moja na nusu. Anayebeba mabati ya mita tatu au mbao ndefu atataabika na kebini mbili. Aidha, kebini kubwa huongeza uzani wa gari lenyewe na hivyo kupunguza mzigo unaoruhusiwa.

Springi pia hutofautiana. Pikapu nyingi za kazi hutumia vyuma bapa vilivyopangwa kwa tabaka nyuma, ambavyo huhimili mzigo mzito lakini hurusha abiria gari likiwa tupu. Navara ya kebini mbili iliyozinduliwa mwaka 2014 ilitumia springi za mviringo, zinazoleta starehe zaidi.

Kuhusu injini, nambari ya lita haitoshi. Anayepanda milima akiwa na mzigo anahitaji nguvu ya kuvuta, ambayo hupimwa kwa nyutoni-mita. Hilux ya lita 2.8 yenye gia za otomatiki imekuwa ikifikisha 500 tangu ilipoboreshwa mwaka 2020. D-Max ya kizazi kilichozinduliwa mwaka 2019 hufikisha 450 ikiwa na injini ya lita 3.0, na 350 ikiwa na ile ya lita 1.9. Kwa safari za lami na mzigo wa wastani, injini ndogo hutosha.

Uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne ni muhimu kwa mkazi wa Nyandarua wakati wa mvua au wa Turkana penye mchanga. Kwa anayesafiri kwenye lami pekee, uwezo huo huongeza bei, uzani na gharama ya mafuta bila faida kubwa.

Usalama nao haufai kupuuzwa kwa kuwa pikapu ni gari la kazi. Mwaka 2018, shirika la Global NCAP liliipa Nissan NP300 Hardbody iliyouzwa barani Afrika nyota sufuri katika kuwakinga watu wazima. Baadaye liligonganisha Hardbody mpya na Navara iliyotumika Ulaya, na ikabainika kwamba dereva wa gari hilo jipya angeumia vibaya zaidi. Upya wa gari pekee si kinga. Mnunuzi aulize idadi ya mifuko ya hewa, na kama gari lina mfumo wa kuzuia kuteleza.

Anayetaka pikapu iliyotumika kutoka ng'ambo akumbuke kwamba kanuni za Kenya haziruhusu gari lililopita umri wa miaka minane, na usukani lazima uwe upande wa kulia. Magari yatokayo Uingereza yachunguzwe chini, kwani barabara za huko hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hula chuma cha fremu. Mengi pia yana kichujio cha masizi, ambacho huziba gari likitumiwa kwa safari fupi fupi tu.

Upatikanaji wa vipuri waweza kuamua ushindani wote. D-Max huunganishwa jijini Nairobi na Isuzu East Africa, kampuni iliyoitwa General Motors East Africa hadi mwaka 2017. Mnunuzi wa aina yoyote atembelee kwanza maduka ya mji wake aulize bei ya klachi, breki na pampu ya dizeli. Pikapu inayosubiri kipuri kwa majuma mawili haileti mapato.

Hatimaye, rekodi za umiliki zikaguliwe kwa NTSA kabla ya pesa kutolewa, ili kuthibitisha kwamba muuzaji ndiye mwenye gari na kwamba halidaiwi na benki. Kisha fundi asiyejuana na muuzaji alikague, na lijaribiwe mlimani likiwa na mzigo. Gari tupu kwenye lami tambarare huficha kasoro nyingi.