Sahihi ya Barua na Malalamiko ya Mpokeaji

Huko Rubafu, kaskazini ya mji wa Bukoba, kama mahali pengine pote Tanzania, mzazi aliyekwisha kuahidi ada ya mtoto aweza kupokea katika simu maneno haya: ile hela itume kwenye namba hii. Namba yaonekana, mwenyewe haonekani. Hila hii humnasa hasa yule aliyekuwa na deni la kweli.

Udhaifu huu ulianza katika barua pepe. Mnamo Agosti 1982 Jonathan Postel wa Marekani alipotoa kanuni za kupeleka barua hizo, mtandao ulikuwa wa wataalamu wachache, wala kanuni hazikumtaka mpelekaji athibitishe jina lake. Aliyejiandika mfalme alipokewa kama mfalme. Walakini mwezi Mei 1978 Gary Thuerk alikuwa amekwisha kuwapelekea watu karibu 400 tangazo la kompyuta wasiloliomba, naye akakaripiwa.

Dawa ilichelewa mno. Katika mwaka 2006 ilitangazwa kanuni ya SPF, ambayo kwayo mwenye jina la mtandao huorodhesha mashine ziwezazo kupeleka barua zake. Mwaka 2007 ikafuata DKIM, yaani sahihi isiyoonekana na macho. Na mwaka 2012 DMARC, iamuayo barua ya bandia itendewe nini. Lakini sahihi husema nani kapeleka tu, haisemi kwamba asema kweli. Hata tapeli aweza kutia sahihi safi kabisa. Hapo ndipo malalamiko ya msomaji yanapopata uzito. Msomaji akiitaja barua kuwa ni taka, mtunza masanduku aweza kumrudishia mpelekaji habari hiyo, ili alifute jina la mlalamikaji. Muundo wa taarifa hiyo ulikubaliwa mwaka 2010. Tangu Februari 2024 Google yawataka wapelekao barua nyingi wasifikishe malalamiko matatu katika kila barua 1,000.

Tanzania ilianza na sahihi vilevile: tarehe 1 Mei 2019 laini za simu zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Matapeli hawakukoma, maana laini huweza kusajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Kwa hiyo mzazi wa Rubafu naye amepewa mahali pa kulalamika. Huupeleka ujumbe ule kwa namba 15040, naye hujibiwa aandike namba iliyomtumia.