Imani na safari ya kuacha unga

Uraibu ni ugonjwa. Mama, si laana, wala si ushahidi kwamba ulilea vibaya. Hata hivyo, wengi walioacha unga husema kilichowashikilia ni kumrudia Mungu. Hatua 12, zilizoanzia kwa walevi Marekani miaka ya 1930 na ambazo leo zinafuatwa kwenye nyumba za upataji nafuu Zanzibar, humtaka mtu akiri kwamba peke yake hawezi, amtegemee aliye mkuu kuliko yeye, kisha awaombe radhi aliowakosea. Mara nyingi wa kwanza huwa mama. (Hulazimiki kusamehe siku hiyohiyo.)

Lakini dua haiondoi arosto. Kama anakunywa methadoni, ambayo Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, asiiache hata akiambiwa imani yake inatosha. Ramadhani ikikaribia, aulize kliniki kuhusu saa za kunywa, asijiamulie. Akiacha ghafla ni rahisi kurudia unga, na mwili uliokwisha kusahau kipimo cha zamani unaweza kuzidiwa. Ukimkuta haamki, anapumua kwa shida na midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu, mkimbize hospitali.