Zamu za Mbali: Newfoundland na Mafuta ya Alberta

Kisiwa cha Newfoundland kiko ukingoni kabisa mwa mashariki ya Kanada. Fort McMurray, mji wa mafuta wa kaskazini mwa Alberta, uko takriban kilomita 4,000 kutoka huko kwa ndege. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, maelfu ya wanakisiwa wamekuwa wakienda kazini huko na kurudi, kama vile mtu wa kitongojini anavyokwenda mjini, isipokuwa kwamba jioni yao huja baada ya wiki mbili au tatu.

Chanzo cha safari hizo ni samaki. Tarehe 2 Julai 1992, waziri wa uvuvi John Crosbie, mwenyewe mzaliwa wa Newfoundland, alipiga marufuku uvuvi wa chewa wa Atlantiki katika maji ya kaskazini mashariki. Meli kubwa za kukokota nyavu, za kigeni na za Kanada yenyewe, zilikuwa zimekwisha kuikomba bahari. Watu wapatao 30,000 walipoteza kazi. Marufuku ilitangazwa kuwa ya miaka 2. Lakini serikali iliiondoa mwaka 2024 tu.

Wengi walihama moja kwa moja, hata ukazuka utani kwamba Fort McMurray ndio mji wa pili wa Newfoundland. Lakini si kila mtu aliweza kuhama. Mvuvi wa kijijini alikuwa na nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, haidaiwi na benki wala haina mnunuzi, kwani nani anunue nyumba katika kijiji kisicho na kazi? Kule Alberta nyumba ilikuwa ghali mno. Zaidi ya hayo, kukaa mbali na nyumbani hakukuwa jambo geni: wazee wao walikwenda miezi kadhaa kuvua pwani ya Labrador, na mafundi chuma wa kisiwa hicho walisimamisha maghorofa ya New York.

Upande wa Alberta, mafuta yamegandamana na mchanga kama lami. Kuyachimba na kuyatenganisha ni kazi nzito inayotaka mitambo mikubwa na watu wengi. Kampuni ya Great Canadian Oil Sands ilianza uzalishaji mwaka 1967, Syncrude ikafuata mwaka 1978, na wafanyakazi wa wakati huo walikaa mjini na familia zao. Bei ya mafuta ilipopanda baada ya mwaka 2000, migodi mipya ilifunguliwa mbali zaidi msituni. Makampuni yakapiga hesabu: kambi na tiketi za ndege ni nafuu kuliko kujenga mji wenye shule na hospitali. Mengine yalijenga viwanja vyao vya ndege, kiasi kwamba mtu aliweza kumaliza miaka kazini bila kukanyaga Fort McMurray. Sensa ya manispaa ya mwaka 2012 ilihesabu takriban watu 39,000 makambini, karibu theluthi ya wakazi wote.

Ratiba za kawaida zilikuwa siku 14 kazini na 7 nyumbani, au 20 kwa 8, zamu ya saa 12 kila siku. Kwa mtu wa Newfoundland safari peke yake ilimeza karibu siku 2 za mapumziko hayo. Kambini kila mmoja ana chumba chake chembamba. Buti huvuliwa mlangoni, na mara nyingi pombe ni marufuku. Kikwazo kilichouma zaidi pengine ni saa ya ukutani. Newfoundland iko mbele ya Alberta kwa saa tatu na nusu: zamu ya mchana ikiisha saa 1 usiku, nyumbani ni saa 4 na nusu, na watoto wamekwisha kulala. Maisha hayo ya kambi, upweke wake na adha walizopata wanawake wachache waliokuwamo, yameelezwa na mchoraji Kate Beaton wa kisiwa cha Cape Breton katika kitabu chake Ducks cha mwaka 2022. Alikwenda Alberta kutafuta fedha za kulipa deni la masomo.

Fedha zilirudi kisiwani, na si kwa mkono wa mfanyakazi tu. Nchini Kanada kodi ya mapato ya jimbo hulipwa pale mtu anapokaa tarehe 31 Desemba, hivyo jasho lililomwagika Alberta lilijaza hazina ya Newfoundland. Vijijini pikapu mpya na nyumba zilizokarabatiwa zilisimama jirani na gati zisizo na mashua. Malezi, wazee na theluji ya mlangoni vilibaki mikononi mwa wake.

Katikati ya mwaka 2014 pipa moja la mafuta liliuzwa kwa zaidi ya dola 100. Mwanzoni mwa 2016 lilishuka chini ya dola 30, na wa kambini walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupunguzwa. Mwezi Mei mwaka huohuo moto wa msituni uliwafukuza wakazi zaidi ya 80,000 wa Fort McMurray. Maelfu waliokimbilia kaskazini walilala katika kambi za wafanyakazi, kisha wakasafirishwa na ndege kutoka viwanja vya migodi. Sensa ya mwaka 2018 bado ilikuta watu zaidi ya 36,000 wasio wakazi wa kudumu, wengi wao wakiwa kambini.