Tone la Maji katika Tangi

Ndege ya shamba ni chombo kidogo chenye kazi nzito. Hairuki juu kutafuta mawingu. Huruka chini, mita chache juu ya mazao, ikamwaga dawa, ikainuka mwisho wa shamba, ikageuka na kurudi tena. Rubani aliye juu sana, injini yake ikizimika, angali ana dakika za kufikiri, maana kimo chake ni akiba. Rubani wa shamba hana akiba hiyo. Injini ikinyamaza, ardhi i karibu naye kuliko shauri. Kwa hiyo usalama wake hauanzi hewani. Huanza chini, katika pipa la mafuta.

Kazi hii ilizaliwa tarehe 3 Agosti 1921, karibu na mji wa Troy, jimbo la Ohio, Marekani, mahali ambapo viwavi walikuwa wakila majani ya miti iitwayo katalpa. John Macready, rubani wa jeshi, alirusha ndege aina ya Curtiss, na Etienne Dormoy, aliyebuni sanduku la dawa, akamwaga unga wa sumu ya risasi na aseniki. Upepo uliueneza mitini, na viwavi wengi mno wakafa. Miaka michache baadaye mashamba ya pamba ya kusini mwa nchi ile yalikuwa yakipata dawa kwa njia hiyo.

Lakini injini ya petroli ilikuja na adui wake, nayo ni maji. Tangi lililoachwa nusu tupu usiku huvuta hewa yenye unyevu, na baridi huugeuza unyevu huo kuwa matone. Pipa lililosimamishwa nje hukusanya mvua juu yake. Likipoa baada ya jua, huyanyonya maji hayo kupitia kizibo kisichokaza vema. Ndiyo sababu mapipa hulazwa ubavu. Maji ni mazito kuliko petroli, basi hushuka na kungoja chini. Injini huweza kuwaka bila dalili ya ubaya. Kisha ndege inapoinua pua, maji husogea hata mdomo wa mrija, na kabureta hupokea kitu kisichoungua.

Juu ya adui huyu marubani walijiwekea desturi: kuchuja mafuta kwa ngozi laini, kujaza tangi jioni, na kila asubuhi kukinga mafuta kidogo ya chini ya tangi katika chombo cha kioo, wakayatazama. Ni kazi ya dakika mbili, lakini mdharau mwiba mguu huota tende.

Hata hivyo, macho hayatoshi. Mwishoni mwa mwaka 1999 utomvu mweusi ulionekana katika mirija ya mafuta ya ndege ndogo huko Australia, na Januari 2000 maelfu ya ndege hizo zilizuiwa kuruka, za mashambani zikiwa miongoni mwao. Chanzo kilikuwa katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mobil, Altona, karibu na Melbourne. Ethilini diamini, dawa ya kuzuia mitambo ya kiwanda isiliwe na asidi, ilibaki kidogo sana katika petroli. Ilipokutana na shaba ya manjano, ilifanya utomvu. Kioo cha asubuhi hakikuweza kuifichua, na vipimo vya kawaida vya petroli havikuigundua.

Rubani aweza kuliona tone la maji. Hawezi kuliona kosa la kiwanda. Roho yake ni amana iliyowekwa katika mikono asiyoijua: ya msafishaji, ya mchukuzi, ya mtunza ghala, na ya mjaza tangi. Twamsifu rubani kwa ushujaa wake, na ni haki. Yafaa tumsifu pia yule asiyetajwa, aliyelilaza pipa ubavu kabla ya mvua.