Kwaya bila vitabu wala kinanda

Bukavu: Kwaya iliyokimbia vita ikaacha vitabu na kinanda nyumbani bado inaweza kuimba. Huko Kamina, Katanga, miaka ya 1950, padri Guido Haazen alikusanya watoto wa shule na walimu wao. Missa Luba, waliyoiimba mwaka 1958, haikuanzia kwenye karatasi. Waimbaji walijaribu mitindo ya nyumbani kwao, wakarudia hadi sauti zikapatana. Mwaka huohuo walizuru Ulaya.

Maestro wa leo afanye vilevile. Amtafute anayekumbuka wimbo, aimbe peke yake, wengine waitikie. Sauti zifundishwe moja moja, kisha ziunganishwe. Ngoma iingie mwisho. Wageni waliofika nao wafundishe wimbo wao. Usioimbwa hupotea pamoja na anayeukumbuka.